Nguruwe mkubwa wa msituni, jirani tusiyemjua

Mwaka 1904 ulipoingia, gari la moshi kutoka Mombasa lilikuwa limekwisha kufika Kisumu, ukingoni mwa ziwa, kwa zaidi ya miaka miwili. Nyaya za simu zilivuka Bonde la Ufa, na maofisa wa Kiingereza walikuwa wakichora ramani za nchi waliyokuwa wameanza kuiita yao. Lakini katika misitu ya Nandi, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka relini, aliishi mnyama ambaye hakuna kitabu cha elimu ya wanyama kilichokuwa kimemweleza: nguruwe pori mkubwa kuliko wote duniani. Huyu si panya wala popo, hata tuseme alijificha kwa udogo wake. Dume lililokomaa aghalabu huwa na uzito wa zaidi ya kilo 140, na wapo wanaofikia kilo 275. Yapo madume ya nguruwe pori wa Siberia na Ulaya ya mashariki yanayomkaribia, lakini kwa wastani hakuna wa jamii yake anayemshinda.

Watu wa misitu hiyo walimjua siku zote. Waliokuwa hawana habari zake ni wasomi wa ng'ambo. Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mambo yamegeuka kwa namna inayonisikitisha: wasomi wa ng'ambo wamemwandika, nasi majirani zake ndio tusiomjua. Mtoto wa shule wa Nairobi, Kampala au Goma atakutajia simba, tembo, kifaru, hata chui-milia wa Asia ambaye hajawahi kukanyaga bara hili. Nguruwe mkubwa wa msituni hamjui, na mara nyingi hata mwalimu wake hamjui.

Sehemu ya sababu ni kwamba tunawachanganya. Afrika Mashariki ina nguruwe pori wa namna kuu tatu. Yuko ngiri, anayejulikana na kila aliyewahi kupita mbugani, akikimbia mkia wima na kulala mashimoni. Yuko nguruwe pori wa kawaida, mwizi wa usiku, anayefukua mihogo na viazi kuanzia mabonde ya bara hadi mashamba ya Unguja, ambako wanakijiji wamekuwa wakimsaka kwa mbwa. Huyu ndiye aliyewaharibia jina wenzake wote. Wa tatu ndiye huyu wetu, na hafanani na yeyote kati yao. Manyoya yake ni meusi, marefu na magumu, na hupungua kadiri anavyozeeka mpaka ngozi ya kijivu ikaonekana. Kichwa ni kipana mno, pua ni bapa kama sahani, na chini ya macho ya dume huota vinundu vikubwa vya nyama ambavyo huendelea kukua umri unapoendelea. Mtu asiyemzoea atasema uso umevimba kwa ugonjwa. Ndivyo ulivyo uso wa dume mzima, na karibu na macho kuna tezi zinazotoa utomvu mzito.

Wanasayansi humwita Hylochoerus meinertzhageni. Jina hilo nitalirudia baadaye kidogo, maana lina historia chungu.

Jambo la kwanza la kumwelewa ni kwamba, ingawa ni nguruwe, hana kawaida ya kufukua ardhi kutafuta chakula kama wenzake. Chakula chake kikuu ni majani: nyasi changa, mimea laini ya msituni, machipukizi. Hufukua hasa anapotafuta udongo wenye chumvi, na hapo hana mchezo, huchimba mpaka akaacha mashimo. Ameonekana pia akila kinyesi cha tembo. Kwa hiyo mkulima anayeamka na kukuta shamba la viazi limepinduliwa, na akaapa kuwalipiza kisasi nguruwe wote wa msitu wa jirani, mara nyingi anamlaumu asiyehusika. Sisemi kwamba nguruwe huyu hajawahi kuingia shambani. Nasema mashitaka mengi anayobebeshwa ni ya binamu yake.

Jambo la pili ni kwamba anahitaji vitu vitatu kwa pamoja: kichaka kizito cha kulala na kujificha, mahali pa wazi penye nyasi fupi za kulisha, na maji yasiyokauka mwaka mzima. Ndiyo maana hapatikani kila palipo na miti. Makao yake yamesambaa kuanzia misitu ya Afrika Magharibi, kupitia Kameruni na Bonde la Kongo, hadi Uganda, magharibi na katikati ya Kenya, na nyanda za juu za Ethiopia. Mlimani hupanda mpaka mita 3,800 hivi, kwenye mianzi na baridi kali. Katika ukanda huo mrefu anaishi kwa vipande vipande, pale tu palipo na msitu na uwanda pamoja.

Tunayoyajua juu ya maisha yake ya kila siku yametoka hasa sehemu mbili zinazokaribiana. Katika miaka ya 1970 mtafiti Jean-Pierre d'Huart aliwafuatilia nguruwe hawa katika Mbuga ya Virunga, mashariki mwa Kongo, mbuga ya taifa kongwe kuliko zote Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Kitabu chake cha 1978 ndicho bado msingi wa mengi yanayosemwa. Ng'ambo ya mpaka, katika Mbuga ya Malkia Elizabeth nchini Uganda, Hans na Ute Klingel walifanya kazi ya namna hiyo. Huko Uganda, kwenye rasi ya Mweya na kandokando ya Mfereji wa Kazinga, nguruwe hawa hutoka mchana kweupe na kula nyasi mbele ya watu. Kwingineko, wanakowindwa, wamegeuka kuwa wanyama wa usiku. Hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba si mnyama wa giza kwa asili. Sisi ndio tumemsukuma gizani.

Yaliyoonekana huko yanampendeza yeyote anayejali mambo ya familia. Nguruwe hawa huishi katika makundi ya majike kadhaa na watoto wa mizao tofauti, wakati mwingine wakifikia ishirini. Katika jamii nyingi za nguruwe dume huja kwa ajili ya kupanda tu, kisha hujiendea zake. Huyu hukaa. Dume kubwa huandamana na kundi lake mwaka mzima, na fisi akikaribia, dume ndilo hugeuka kumkabili. Kundi lina vijia vyake vilivyokanyagwa vizuri, kutoka malazi hadi malisho, kutoka malisho hadi majini. Wana madimbwi ya kugaagaa matopeni ili kuupoza mwili na kufukuza wadudu. Wana hata mahali maalumu pa kwenda haja, wakirudi papo hapo siku baada ya siku. Wanaotukanana kwa kuitana nguruwe wakidhani wametaja uchafu hawajui wanalolisema.

Jike hubeba mimba kwa takriban miezi mitano. Siku zikikaribia hujitenga, akaingia kichakani akatengeneza malazi, na huko huzaa kwa kawaida watoto wawili hadi wanne, ingawa wengi zaidi wamewahi kuonekana. Watoto wa nguruwe pori wa kawaida huzaliwa na mistari mgongoni. Hawa huzaliwa na rangi moja ya majani makavu, bila mistari, kisha huwa weusi wanapokua. Baada ya wiki moja hivi mama huwarudisha kundini, na hapo huwa watoto wa wote: wameonekana wakinyonya kwa jike yeyote mwenye maziwa. Chui huwachukua wengi, na ulinzi wao mkubwa ni kuwa katikati ya wakubwa.

Kuhusu ugomvi wa madume, nakiri kwamba sijui mnyama mwingine wa msituni anayepigana hivi. Ngiri husukumana. Nguruwe pori wengine hukatana ubavuni kwa chonge. Madume mawili ya nguruwe wa msituni husimama mbali, yakatazamana, kisha hukimbiliana kwa nguvu zote na kugonganisha vipaji vya nyuso. Fuvu lao limejengwa kwa kazi hiyo: ni nene, na juu ya macho lina bonde lililobonyea. Nyuso zinapokutana, hewa hubanwa kati ya mabonde hayo mawili na kutoka kwa mlipuko unaosikika mbali, mithili ya risasi. Hurudi nyuma, yakagongana tena, mpaka moja likubali kuondoka. Mafuvu yenye alama za kuvunjika na kupona yamepatikana. Ni gharama kubwa ya kulinda familia, na madume huilipa.

Sasa turudi kwenye jina. Ngozi na fuvu vilivyomtambulisha mnyama huyu kwa wasomi vilitoka misitu ya Nandi, na vilipelekwa London na Richard Meinertzhagen, ofisa kijana wa kikosi cha King's African Rifles. Mwaka huohuo wa 1904, Oldfield Thomas, mtaalamu wa jumba la makumbusho huko, alimweleza mnyama huyu kuwa ni mpya, akampa jina la ofisa huyo kama ilivyokuwa desturi. Zama hizo misitu ya Afrika ilikuwa ikiwashangaza Wazungu mfululizo: okapi wa Ituri alikuwa ametangazwa mwaka 1901, na mwaka 1902 Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga risasi sokwe wa milimani kwenye mlima Sabyinyo. Mara nyingi ugunduzi ulikuwa na bunduki ndani yake.

Nayo bunduki ya Meinertzhagen ina historia yake. Tarehe 19 Oktoba 1905, ofisa huyohuyo alikutana na Koitalel arap Samoei, orkoiyot aliyewaongoza Wanandi katika miaka kumi na zaidi ya kupinga utawala wa Kiingereza na reli yake. Mkutano uliitishwa kwa ajili ya kuzungumza amani. Koitalel aliuawa hapohapo kwa risasi, pamoja na wenzake. Meinertzhagen alidai alikuwa akijihami, na mabaraza ya uchunguzi ya jeshi lake mwenyewe yakakubali dai lake, lakini mwaka 1906 aliondolewa Kenya. Fimbo tatu za Koitalel alizozichukua Meinertzhagen zilirudishwa Nandi mwaka 2006, baada ya miaka mia moja. Muda mrefu baada ya kifo cha ofisa huyo iligundulika pia kwamba mikusanyo yake mashuhuri ya ndege ilijaa udanganyifu: ndege walioibwa kutoka makumbusho na kubandikwa vibandiko vya uongo vya mahali na tarehe. Kwa bahati nzuri nguruwe hakuwa uongo. Yupo, na alikuwepo kabla ya ofisa huyo kuzaliwa.

Kanuni za kimataifa za kutaja wanyama hazifuti jina kwa sababu mwenye jina alikuwa mwovu, kwa hiyo meinertzhageni litabaki vitabuni. Nami sioni haja ya kulipigia kelele. Naona haja ya kila Mkenya anayelisoma kujua ni la nani, na kujua kwamba misitu iliyotoa fuvu la nguruwe huyo ndiyo iliyowaficha wapiganaji wa Koitalel.

Yako mabaki mengine ya nguruwe ambayo yametufaa zaidi, nayo yako kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafuta-visukuku hodari wa timu ya Richard Leakey, aliona vipande vya fuvu la binadamu wa kale huko Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Fuvu hilo, lililopewa namba 1470, lililala chini ya tabaka la majivu ya volkano ambalo maabara moja ya Uingereza ilikuwa imelipima na kusema lina umri wa miaka milioni 2.6. Kwa hesabu hiyo fuvu lilikuwa na karibu miaka milioni tatu, na historia nzima ya binadamu ingepaswa kuandikwa upya.

Nguruwe walikataa. Basil Cooke, mtaalamu wa visukuku vya nguruwe wa Afrika, alikuwa amepima magego yao kutoka bonde la Omo nchini Ethiopia, ambako matabaka yalikuwa na umri uliothibitishwa vizuri. Aliona kwamba magego ya mwisho ya jamii moja, ambayo leo tunaiita Kolpochoerus, yalirefuka hatua kwa hatua kadiri miaka ilivyopita. Ukiwa na gego mkononi unaweza kukadiria zama zake. Magego yaliyotoka chini ya majivu ya Koobi Fora yalilingana na yale ya Omo ya miaka kama milioni mbili tu. Wataalamu wakabishana kwa miaka kadhaa, baadhi yao kwa hasira. Mwaka 1977 Tim White na John Harris wakachapisha uchambuzi mpana wa nguruwe wa kale wa Afrika uliounga mkono hoja hiyo, na vipimo vipya vya maabara vikaja kukubaliana nao: majivu yana miaka milioni 1.9 hivi. Mashine za gharama zilikuwa zimekosea, magego ya nguruwe yakawa sahihi. Hao Kolpochoerus wametoweka wote, lakini wataalamu wengi wa visukuku wanamhesabu nguruwe mkubwa wa msituni kuwa jamaa yao aliyebaki. Anayemwona kwenye milima ya Aberdare au rasi ya Mweya anaona sura ya ukoo uliotusaidia kujua umri wetu wenyewe.

Wapo watakaosema: hayo yote ni mazuri, lakini nguruwe ni nguruwe. Wasomaji wangu wengi ni Waislamu, na nyama yake kwao ni haramu. Naheshimu hilo kikamilifu. Ila sioni popote ambapo kuharamishwa kwa nyama ya mnyama kumekuwa ruhusa ya kumtelekeza au kumchukia. Kinyume chake, anayekatazwa kumla ana sababu moja pungufu ya kumuua.

Liko pia suala la maradhi, ambalo wafugaji wana haki ya kuliuliza. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery, daktari wa mifugo, baada ya ugonjwa huo kuwaua nguruwe wa walowezi nchini Kenya. Mwaka 2007 ilifika Georgia, 2018 ikafika China, na kutoka huko ikaharibu ufugaji wa nguruwe wa nchi nyingi. Virusi hivyo haviwadhuru binadamu, lakini nguruwe wa kufugwa huwafyeka karibu wote, na tiba hakuna. Hifadhi yake kubwa porini ni ngiri na kupe laini wanaoishi kwenye mashimo yake. Virusi viliwahi kupatikana kwa nguruwe wa msituni pia, lakini yeye halali shimoni, na si yeye msambazaji mkuu. Siku hizi milipuko mingi husafiri kwa nyama, malori na nguruwe wanaozurura vijijini. Mfugaji wa kandokando ya msitu anayewafungia nguruwe wake bandani anajikinga yeye na anawakinga wa porini kwa wakati mmoja.

Hatari kubwa kwake iko kwingine. Msitu wa Kakamega na misitu ya Nandi Kaskazini na Nandi Kusini, ambayo zamani ilikuwa imeshikana, sasa ni visiwa katikati ya mashamba. Mau, chemchemi ya mito mingi ya Kenya, ilipoteza karibu robo ya eneo lake katika miongo miwili iliyotangulia ripoti ya kikosi kazi cha serikali ya mwaka 2009. Virunga imepita katika vita vilivyoanza miaka ya 1990 na bado havijaisha, na palipo na bunduki nyingi na njaa, mnyama wa kilo mia mbili ni kitoweo cha wiki. Afrika Magharibi, ambako aina yake ni ndogo kidogo kwa umbo, amebaki katika mabaki ya misitu.

Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, halimweki katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, ingawa linakiri kwamba idadi yake inapungua. Naelewa hesabu hiyo: ukizijumlisha nchi zote, bado wapo wengi. Hata hivyo hesabu ya bara zima haimsaidii nguruwe wa Nandi. Kundi likiisha katika msitu uliozungukwa na chai na mahindi, hakuna kundi jingine litakalovuka kuja kuchukua nafasi yake.

Aberdare inaonyesha kinachowezekana. Kuanzia mwaka 1989 shirika la Rhino Ark, pamoja na serikali na wanakijiji, lilizungusha ua wa umeme kuuzunguka mlima, ukakamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400. Ua ulianzishwa kwa ajili ya vifaru. Faida yake imewafikia wengine wote: mashamba hayavamiwi kama zamani, miti haikatwi ovyo, na nguruwe wa msituni bado hufika kwenye madimbwi ya chumvi mbele ya hoteli za wageni. Ua nao una kasoro yake, kwa kuwa unaufanya mlima kuwa kisiwa. Bado, kati ya kisiwa chenye nguruwe na uwanda usio na msitu, mimi nachagua kisiwa.

Kwa wanaoishi jirani na misitu hiyo, Nandi, Nyeri, Kericho, Kasese na Rutshuru: ukikuta tanzi la waya kwenye kijia, lifungue ulipeleke kwa askari wa msitu, na kabla ya kumlaumu nguruwe mweusi kwa viazi vyako, tazama kwanza nyayo ni za nani. Vyama vya jamii vya misitu, ambavyo sheria ya Kenya inavitambua tangu 2005, viiombe idara ya misitu iviachie viwanja vya nyasi vilivyo ndani ya msitu visipandwe misonobari, maana mnyama huyu hawezi kuishi kwa miti peke yake. Nao wakuu wa hifadhi, mnapopanga kuwahesabu tembo na vifaru, pangeni pia fedha za kumhesabu nguruwe mkubwa wa msituni, msitu kwa msitu, na mtangaze matokeo hadharani.